Kopo Lililokaa Chini ya Mashine

Siku walipokuja kuichukua Kijivu, mkwe wangu alikuwa bado hajamaliza arobaini ya uzazi, na mimi ndiye niliyekuwa na amri ndani ya nyumba. Nilimwambia asitoke. Akatoka.

Nasema hivyo mapema ili mjue ninamzungumzia mwanamke wa namna gani. Vénérande ni mke wa mwanangu Edgar. Ni mfupi, mchapakazi, na akishaamua jambo hata ukimfungia mlango atapita dirishani. Nampenda, ingawa simwambii sana, maana sisi akina mama wakwe tukilegea kidogo tu tunapandwa kichwani. Wakati huo alikuwa amenizalia mjukuu wa kwanza, mtoto wa kike, baada ya miaka mingi ya kungoja na ya watu kuuliza maswali yasiyowahusu. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimeshakatika. Alikifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo dogo gumu, akakataa kumpa mtu yeyote alifungue.

Kwetu Kapalamsenga kitovu kikikatika kinafukiwa nyumbani. Hakuna sherehe. Bibi anachimba kishimo nyuma ya jiko au chini ya mgomba, anafukia, anakanyaga udongo, basi. Kuanzia hapo mtoto ana kwao. Hata akihamia Dar es Salaam akasahau kusalimia kwa Kibende, ukimwuliza kitovu chake kiko wapi atakuonyesha. Mimi nilikuwa nimeshachagua mgomba, na jembe nilikuwa nimeliegemeza ukutani tayari.

"Mama, nivumilie kidogo," Vénérande aliniambia. "Nataka kikae pamoja na changu."

"Na chako tutakipataje, mwanangu?"

Niliuliza hivyo kwa sababu nilijua kilipo. Kijiji kizima kilijua. Kitovu cha Vénérande kilikuwa ndani ya Kijivu.

Kijivu ni boti ya doria ya wanamaji. Ina namba yake ubavuni, lakini nani ana muda wa kuita boti kwa namba? Siku ya kwanza ilipotokea upande wa Kigoma, rangi yake kama moshi, mimi nilikuwa na Edgar mgongoni, na sote pale ufukweni tulikimbia tukaacha samaki kwenye mchanga. Tulidhani vita vimefika. Kumbe walikuwa wanatafuta maji ya kunywa.

Mwanzoni tuliichukia, na sioni sababu ya kuficha. Iliwakamata waume zetu na makokoro yao, nyavu za kukokota zilizokatazwa, ikawakamata waliovua kwa nyavu za chandarua, ikamwaga samaki ambao sisi tulikuwa tumeshawapangia sufuria. Halafu wakaja majambazi wa majini, wale waliokuwa wakipora mashine za mitumbwi na kuwaacha wavuvi wanaelea katikati ya ziwa kama maganda. Kijivu iliwafukuza mpaka wakaona afadhali wakaibe kwingine. Tangu hapo tukaanza kuisalimia. Ilibeba masanduku ya kura, ilibeba madawati ya shule, ilibeba wajawazito kuwapeleka Karema mvua zilipokata barabara. Mara moja ilimbeba padri aliyetapika njia nzima, na alipofika akasema misa bado ana rangi ya mchicha. Walipoanza kulifunga ziwa kila mwaka ili dagaa wazaane, Kijivu ndiyo iliyokuwa inazunguka kuhakikisha hakuna anayewaibia dagaa faragha yao. Tulinung'unika, lakini tulinung'unika kama unavyomnung'unikia mtu wa kwenu.

Fundi wake wa mashine alikuwa Obadia, Mpimbwe wa Usevya, mtu aliyekulia kwenye mpunga na ambaye alipofika ziwani hakujua hata kuogelea. Makamanda walibadilika, mabaharia walibadilika, hata mashine yenyewe ilibadilishwa, Obadia akabaki. Alioa hapa hapa kijijini. Alipostaafu, alistaafu kwa jina tu, maana kila Kijivu iliporudi yeye alikuwa ameshasimama ufukweni na spana mfukoni, na vijana walimwacha aingie.

Sasa habari ya kitovu.

Ule mwaka watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kwa mitumbwi iliyojaa kupita kiasi. Kijivu ilikuta mmoja unaingia maji mbali na nchi kavu, ikawapakia watu wote. Miongoni mwao alikuwamo Laurence, mjamzito, na uchungu ulimshika humo humo botini. Akajifungua kwenye mlango wa chumba cha mashine kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Obadia alivua ovaroli yake akamfunika mtoto. Waliposhushwa kwetu mimi ndiye niliyempokea yule mama, nikamwogesha, nikampikia uji. Mtoto aliitwa Vénérande.

Kitovu kilipokatika nilimwambia Laurence twende tukakifukie kwangu. Akanishika mkono vizuri kabisa, akakataa.

"Ardhi hii siyo yangu, dada. Kesho tunaweza kuambiwa tuondoke. Nitakiacha mahali ambapo mtoto hataweza kurudi?"

"Sasa utakipeleka wapi?"

"Alipozaliwa."

Akaenda mwenyewe hadi kwenye boti akampa Obadia. Boti haina udongo. Lakini ilikuwapo ndoo nyekundu ya mchanga, ile ya kuzimia moto, na Obadia alichota mchanga huo akajaza kopo la maziwa, akakifukia kitovu humo, akalisukuma kopo chini kabisa, nyuma ya vyuma vinavyobeba mashine, mahali ambapo hata panya angeona tabu kupita. Mashine ilipobadilishwa alilitoa, akalishika kwapani mchana kutwa, kisha akalirudisha. Siku hiyo alinihakikishia kuwa kopo lilikuwa zima.

Laurence alikwenda Mishamo kwa mjomba wake, na huko ndiko alikofia na kuzikwa. Binti alikua akirudi huku ziwani kununua dagaa, mwisho akakaa, mwisho akanichukulia mwanangu. Sikulalamika. Lakini wanawake wa ufukweni, wakianza utani wao, hawajui pa kuishia. "Vene, leo kwenu kumeenda Kipili." "Vene, kwenu kumeharibika mashine, kunavutwa kwa kamba." Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Kijivu ikichelewa kurudi, alikuwa anatoka nje mara kwa mara, anasimama, anaangalia maji, anarudi jikoni.

Ajabu ni kwamba hakuwahi kuipanda tena tangu siku aliyozaliwa. Mabaharia walimkaribisha sana. Alisema mtu haendi kwao kwa kukaribishwa.

Ajabu ya pili ni kwamba mtu aliyegombana naye kuliko wote alikuwa Obadia.

Ugomvi wao ulikuwa wa ndoo moja. Boti yoyote inaingiza maji kidogo kidogo tumboni, na Kijivu kadiri ilivyozeeka ndivyo ilivyozidi kunywa. Kila iliporudi, Obadia alishuka hadi chini kabisa akachota ndoo ya kwanza, ile yenye tope lililotuama, akatoka nayo, akaimwaga kwenye mchanga mweupe karibu na inapofungwa boti. Kisha alichuchumaa. Maji yakiacha weusi, mashine inavuja oili. Yakiacha rangi nyingi zinazometameta, ni dizeli. Yakinywea yasiache kitu, yeye anakwenda kunywa chai. Hakuamini geji yoyote. Aliamini mchanga, na alitaka uwe ule ule, pale pale, ili alinganishe ya leo na ya jana. Maji yaliyobaki yalitolewa kwa pampu na kurudi ziwani. Miaka ya mwisho ndoo hiyo ilikuwa inaacha wekundu mwembamba ambao Obadia hakuuelewa. Alifungua mashine yote akitafuta kutu, hakuiona.

Na pale pale ndipo Vénérande alipokuwa anaanika dagaa wake.

"Mzee Obadia! Unamwagaga uchafu wako kwenye riziki yangu. Ziwa lote hili hulioni?"

"Ziwa halinionyeshi rangi, binti."

"Basi nenda kule kwenye mawe!"

"Mawe meusi. Nenda wewe."

Hakuna aliyekwenda. Mimi nikiwa nyumbani napepeta, nikisikia kelele hizo, nilijua Kijivu imerudi salama, nikaendelea kupepeta.

Halafu zikaja boti mpya, nyepesi, zenye mashine za nyuma, zinazokimbia kama zimeiba kitu. Ikatangazwa kwamba Kijivu imemaliza kazi, itavutwa hadi Kigoma ikakatwe chuma chakavu. Habari ilitufikia asubuhi ile ile boti mpya ilipokuja kuivuta. Vénérande alikuwa ananyonyesha. Akamaliza, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Mimi nikamfuata nikihema, na maneno yangu yote kuhusu arobaini yaliishia kwenye upepo.

Kamanda wa boti mpya alikuwa luteni kijana anaitwa Elias, mpole, uso kama wa mwanakwaya. Mabaharia wake walikuwa wameshaanza kufunga kamba. Obadia alikuwa amekaa juu ya Kijivu, miguu inaning'inia.

"Habari za kazi, afande," Vénérande alisema. "Humo chini ya mashine kuna kopo langu. Naomba nilichukue kabla hamjaondoka."

Luteni akamsikiliza mpaka mwisho, habari yote, boti, Laurence, ndoo ya mchanga. Hakucheka. Lakini akatikisa kichwa.

"Dada, nisamehe. Boti imeshakabidhiwa. Vyote vilivyomo vimeshahesabiwa, hairuhusiwi kufungua kitu tena. Nitawaelezaje wakubwa kwamba nimefungua sakafu kwa ajili ya kopo la maziwa?"

"Huko Kigoma wataikata."

"Ndiyo."

"Na kopo?"

Akaangalia kamba zilizokuwa zinafungwa. Vénérande hakuondoka, alisimama tu pale na mtoto wake mgongoni na mkono umelishika lile fundo la kanga. Nikaona hapa mimi ndiye mzee, na mzee ana ruhusa ya kuuliza maswali ya kijinga.

"Afande, mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Mwese, mama."

"Kitovu chako kiko wapi?"

"Kwa bibi, nyuma ya jiko," alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Pale kwenye mgomba ambao mjomba alitaka kuukata, bibi akam..." Akaishia hapo. Akaangalia maji, akaangalia viatu vyake. Kisha akamgeukia Obadia. "Mzee, spana unazo?"

Obadia alikuwa ameshatoweka ndani kabla swali halijaisha.

Vénérande alipanda. Mabaharia walinyoosha mikono kumsaidia, hakuishika hata mmoja, alipanda kama anayeingia jikoni kwake, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha mashine akasimama hapo. Nilimfuata, nikashikwa na kuinuliwa kama gunia, heshima yangu yote ikabaki chini. Tulisikia Obadia anagonga, anakoroma, anazitukana bolti kwa Kipimbwe. Bati la sakafu likalia, likanyanyuka. Halafu mkono wake ukatokea, mweusi kwa grisi, umeshika kopo.

Vénérande alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza apate kuona ndani. Jua lilipita juu likatokea chini, likaangukia miguu yake.

Halikuwa na kitako. Kutu ilikuwa imekila chote, na ndani hamkuwa hata na punje ya mchanga.

"Kimeenda wapi?" aliuliza.

Luteni alivua kofia. Baharia mmoja, mtoto wa watu, hakujua pa kunyamazia, akasema, "Si kitakuwa kimepampiwa ziwani, dada."

"Ziwani." Alikaa pale mlangoni, palepale mama yake alipokaa. Hakulia. "Basi wale wanawake walikuwa wanasema kweli, kwetu kunaelea tu. Sina kwetu."

Niliumia. Nasema wazi kwamba niliumia. Nilitaka kumwambia kwangu ni kwako, njoo twende, mgomba upo. Lakini maneno hayo niliwahi kumwambia mama yake, na hayakutosha wakati ule, sikuona kwa nini yatoshe sasa. Nikamshika bega tu. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, hana habari kwamba watu wazima wamepoteza kitu.

Obadia alikuwa ametoa kichwa nje ya shimo la sakafu, kidevu kiko sawa na magoti yetu. Hakuwa anatuangalia sisi. Alikuwa analiangalia lile kopo, kutu yake, na kidole chake kilikuwa kinasugua wekundu uliobaki kwenye kiganja.

"Ule wekundu," alisema.

"Wekundu gani, mzee?" Luteni aliuliza.

"Miaka yote hii nafungua mashine natafuta kutu. Kumbe kutu ni ya kopo." Akapanda juu, akapiga goti mbele ya Vénérande, mtu mzima vile, magoti yakamlia. "Binti, nisikilize. Kopo lilikaa penye shimo, pale maji yanapotuama. Kitako kilipooza, mchanga wote ulidondokea humo humo shimoni. Pampu haifiki huko chini, pampu inanyonya maji ya juu. Huko nafika mimi na ndoo yangu. Tope la chini, mchanga, kila kitu kizito, ni ndoo ya kwanza. Na ndoo ya kwanza sijawahi kuimwaga ziwani. Hata nilipokuwa naumwa niliwaagiza hawa vijana, ndoo ya kwanza mchangani."

"Alituagiza," yule baharia alisema kwa haraka, kama mtu anayelipa kosa.

Obadia alinyoosha spana kuelekea ufukweni. Sote tukageuka. Pale kwenye mchanga mweupe palikuwa na turubai la Vénérande, na dagaa ambao jirani yetu alikuwa amemwanikia siku zile za uzazi.

"Kiko pale," alisema Obadia. "Pale kwako."

Kama kuna mtu wa kutaka ushahidi ambaye ataniuliza kitu kikavu kama kile kitadumuje ndani ya maji ya oili, huyo namwomba akaulize kwingine. Kitovu kilikuwa ndani ya mchanga, na mchanga ulikwenda pale. Mimi inanitosha.

Vénérande aliangalia turubai lake. Mdomo ulianza kumcheza, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia, vyote pamoja, mpaka mtoto akaamka naye akajiunga.

"Nimekutukana miaka mingapi, mzee?"

"Ulinitukana vizuri tu, binti. Mimi nilikuwa nasikia raha. Nyumbani hawanisemeshi sana."

Tulishuka. Jirani akaondoa turubai bila kuuliza. Vénérande akafungua lile fundo la kanga kwa meno, maana lilikuwa limekaza, akaniwekea kitovu cha mjukuu wangu kwenye kiganja. Ni kitu kidogo sana, wala hakina uzito.

"Mama, na mgomba wako?"

"Mgomba utazaa tu," nilimwambia. "Wewe shika mtoto."

Kazi ya kufukia ni ya bibi, kwa hiyo nilichimba mimi, kwa mikono, magotini, mbele ya wanamaji wa serikali waliokuwa wamejipanga mstari bila kuamriwa. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe. Chini kidogo ulikuwa na madoa, meusi ya oili, na katikati yake mekundu mekundu. Niliweka kitovu hapo. Nikafukia, nikakanyaga. Wanawake wa ufukweni walikuwa wamekusanyika, na mmoja wao alinikung'uta mchanga magotini bila utani wowote.

Kamba ilikuwa imeshafungwa. Luteni Elias alitupungia mkono, mashine ya boti mpya ikawaka. Hapo ndipo tulipomwona Obadia anateremka kutoka Kijivu kwa mara ya mwisho, anachechemea, na ndoo yake mkononi. Alikuwa amechota ya kwanza, kama kawaida yake, ingawa mashine haikuwa imewashwa wala haitawashwa tena. Alifika mpaka pale tulipokuwa. Akasimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu yule aliona haya kumwaga maji.

"Binti," alisema, "hii niimwage wapi?"

Vénérande alifuta uso kwa pindo la kanga, lile ambalo sasa halikuwa na fundo. Alizoea kumwita mzee, na wakati wa ugomvi alimwita mengine.

"Kwani umesahau, baba?" alisema. "Pale pale unapomwagaga."

Akamwaga. Kisha akachuchumaa kuangalia, na Vénérande akachuchumaa pembeni yake na mtoto, vichwa vyao vikikaribiana, wanangoja maji yanywee waone yameacha rangi gani. Nyuma yao Kijivu ilikuwa imeanza kuvutwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyegeuka.